Maharage Kumi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwahi kukaa kiti cha mbele cha gari langu. Nilikuwa na pikapu ya kubebea mahindi, nanunua vijijini, napeleka sokoni Mlowo. Nikimwambia, "Mama, pita mbele," anavuta kanga usoni na kupanda nyuma, kwenye magunia. Mkwe na mama mkwe wakae bega kwa bega? Kwa watu wa Isansa wa umri wake, hilo halipo. Salamu yangu aliipokea ameelekea ukutani, na tangu nimuoe binti yake sikuwahi kumwona akitia tonge mdomoni.

Na huyo ndiye mgonjwa niliyekuja kumpeleka hospitali kila wiki.

Alikuwa na saratani ya kizazi. Madaktari walishasema wazi kwamba kupona hakupo, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Wakati huo, kabla huku kwetu hakujafanywa mkoa wa peke yake, walikuja watu wa utafiti pale hospitalini. Walitaka wagonjwa wa kujitolea ili wajaribu namna mbili za kutoa dawa ya maumivu. Nesi alieleza kila kitu: unaruhusiwa kukataa, unaruhusiwa kuacha katikati, na hakuna atakayekununia. Mimi nikatafsiri. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa Kinyiha, "Ng'ombe wanachanjwa bila kuulizwa. Mimi nimeulizwa. Niandikeni." Akaweka dole gumba.

Ukalimani niliubeba mimi. Mke wangu alikuwa amejifungua, bado yuko ndani na kichanga, na nesi alitoka mbali, Kinyiha hajui hata salamu. Mimi ni Mnyamwanga wa Tunduma, lakini Kinyiha nilikijulia kwenye kununua mahindi. Wanawake wa Kinyiha walikuwa tele pale wodini. Nesi mwenyewe aliniuliza, "Kaka, hakuna dada wa kumsaidia mama?" Nikamjibu, "Mimi natosha." Mungu wangu, nilivyovimba kichwa! Mkwe anayeacha biashara yake kila wiki kumpeleka mama mkwe hospitali! Nilitaka hata mlinzi wa getini alijue hilo.

Maumivu waliyapima kwa maharage. Nesi alimwaga maharage kumi mezani. Kama huna maumivu, yaache yote. Yakiwa kidogo, chukua moja au mawili. Yakiwa yamekushinda kabisa, chukua yote. Anayechukua zaidi ya matano anaongezewa dawa siku hiyohiyo. Jambo rahisi, hata mtoto angelielewa.

Mama mkwe alichomoa mkono ndani ya kanga, akachukua mawili.

"Mawili tu, mama?" nesi akauliza.

"Yanatosha," akasema, kama mtu aliyekaribishwa chakula ugenini.

Yakafuata maswali. Nesi akaniambia nimuulize kama anaumia akienda haja ndogo, kama damu bado inatoka, kama akikaa kuna maumivu huko chini. Jamani! Maneno hayo niyaseme kwa mama aliyemzaa mke wangu? Ulimi uligoma. Nikamuuliza kwa Kinyiha, "Mama, anauliza kama tumbo linakusumbua." Akasema, "Kidogo." Nikamgeukia nesi: "Kidogo." Nesi akaandika. Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki, yeye akiangalia ukuta, mimi nikiangalia viatu vyangu, eti tunaheshimiana.

Na sikuwa kiziwi. Njiani, gari likiingia shimoni, nilikuwa nasikia sauti kutoka nyuma. Haikuwa kilio, ilikuwa pumzi inayokatika. Nikipunguza mwendo, ananyamaza. Nilijua kabisa kwamba yale mawili si kweli. Nikajiambia watu wa utafiti wamesoma, kama kuna tatizo wataliona. Wataliona wapi, na mimi niliyekuwa mdomo wake ndiye niliyewafumba macho? Swali hilo najiuliza sasa. Siku zile nilikuwa namshusha kwake, napokea asante za majirani, kisha nawasha gari niwahi Mlowo.

Mtoto wetu alipochangamka, mke wangu akasema safari hii ataingia yeye na mama yake. Nilinuna, sifichi, kama mtu aliyevuliwa cheo. Nikabaki nje nafuta vioo vya gari ambavyo havikuwa na vumbi.

Alitoka na mtoto mgongoni, macho mekundu.

"Ulikuwa unatafsiri nini humo ndani?"

"Anachosema mama."

"Na anachoulizwa je?"

Nikarudi kufuta kioo kilekile.

"Ameyazoa yote," akasema. "Maharage yote, halafu akamuuliza nesi kama hakuna mengine. Nesi kashtuka, kauliza maumivu hayo yameanza lini. Mama akasema tangu siku ya kwanza. Akasema, 'Mkwe alikuwa amekaa pale. Ningeyachukuaje yote mbele yake?'"

Nikainamia kitambaa changu cha kufutia vioo.

"Wewe mwanaume, ulishindwa hata kutoka nje? Si mlango ulikuwepo?"

Mlango ulikuwepo, na hicho ndicho kinachonitafuna mpaka leo. Hakuna aliyenitaka nifanye jambo kubwa. Nilitakiwa kunyanyuka, niseme naenda kuangalia gari, nimwachie kiti mwanamke yeyote wa pale wodini. Mama mkwe angechukua maharage yake, angeongezewa dawa, angelala usingizi. Kuna watu wamewahi kuniambia nisijilaumu, kwamba nilifanya zaidi ya watoto wake wa kuwazaa. Wananiumiza zaidi. Nilifanya, ndiyo, na kwa kufanya kwangu mama wa watu aliteseka kimya akilinda heshima yangu, huku mimi nikidhani nalinda yake.

Dawa aliongezewa siku hiyohiyo. Akanywa ya kwanza palepale, nyingine akapewa aende nayo. Tukamsubiri mpaka ikamshika, ndipo tukarudi, mke wangu akiwa naye nyuma kwenye godoro.

Isansa tulifika jua bado liko juu. Nikakaa nje kwenye kigoda, wao wakaingia ndani. Baada ya kitambo nikasikia mtu anacheka, sauti nzito, ya kuvuta, nikadhani ni jirani amekuja kumjulia hali. Kumbe ni yeye. Alikuwa anamwigiza nesi, jinsi alivyotoa macho alipoona meza imebaki tupu. Kichekesho chenyewe alikirudia mara nyingi, na kila mara anacheka upya. Nilikuwa mkwe wake miaka yote ile na nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Nikaona haya kukisikiliza. Kahawa ya mwaka ule ilipoiva, tulikuwa tumeshamzika.

Siku hiyo ya kicheko, mke wangu alitoka ndani, akasimama mbele yangu. Hasira zilikuwa zimempungua, au alikuwa amechoka tu.

"Mama ana neno."

"Neno gani?"

"Anaomba umsamehe. Anasema leo amekuaibisha kwa nesi, umeonekana ulikuwa unasema uongo."

Nilimsikia mama mkwe akisogea kitandani, upande wa dirisha. Alikuwa anasikiliza. Neno langu nilikuwa nalo, fupi tu, na dirisha lilikuwa wazi: mama, ni mimi wa kusamehewa. Lakini kumpazia sauti mama mkwe, majirani wako uani, mke wangu ananitazama usoni!

"Mwambie nimemsamehe," nikasema.

Mke wangu akanitazama kidogo, kisha akaingia kumwambia.