Kwazi Aliyebaki kwenye Mkuyu

Mwezi uliopita, kwenye hoteli moja Mwanza, nilisikia kwazi wakilia kutoka kwenye spika juu ya kaunta ya baa. Nikamwambia mhudumu azime. Akacheka, akasema wageni wanaipenda sauti hiyo. Nikaacha chakula changu, nikatoka.

Wewe huenda hujamsikia kwazi mwenyewe, yule ndege mkubwa wa ziwani mwenye kichwa cheupe. Anatupa kichwa nyuma mpaka unadhani shingo itavunjika, anapiga ukelele mkali, na mwenzake anaupokea kabla haujaisha. Kwetu, ufukweni upande wa Misungwi, walikuwepo wawili, juu ya mkuyu ulioota katikati ya mawe. Bibi aliyenilea alikuwa akiosha sato asubuhi, na wakianza kuitana tu anatuliza mikono ndani ya beseni. "Nyamaza, wanaongea," ananiambia, hata kama sijasema neno.

Ikaja miaka ya soko huria, na magari ya barafu ya kununua sangara. Jirani yetu mwenye mtumbwi akaona nyavu zinamchelewesha. Akaanza kumwaga ziwani dawa ya kupulizia pamba. Samaki wakaelea matumbo juu, yeye akawazoa kama kuni. Kila mtu alijua. Wakanyamaza.

Asubuhi moja tulimkuta kwazi mmoja amekufa chini ya mkuyu, mabawa wazi, kipande cha samaki bado kipo kwenye kucha. Bibi alimbeba mpaka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, ambako gari lilikuwa linapakia.

"Shikamoo, mama," jirani akasema.

Bibi hakuitikia. Alimtupa ndege juu ya mizani. "Samaki hawa, watoto wako wamekula?"

"Mama, hawa ni wa gari."

"Nimekuuliza, wamekula?"

Jirani akanyoosha mkono kumwondoa ndege. Mnunuzi akamwangalia ndege, akanusa samaki, akaamuru washushwe wote. Gari halikukanyaga tena kwetu, na pesa za samaki zikakatika.

Unadhani watu walimshukuru Bibi? Wanawake waliozoea kumwamkia wakawa wanakatisha mazungumzo akipita na ndoo yake. Wakamwita mchawi wa ndege. Jirani akahamia mjini, akajenga.

Kwazi aliyebaki aliendelea kulia. Analia, anatulia kidogo kama anayempa mwenzake nafasi, analia tena. Bibi alishindwa kuvumilia, akahamishia mafiga nyuma ya nyumba, ambako ziwa halionekani. Masika yalipoanza ndege alishaondoka. Baadaye mkuyu nao ukakatwa, ukachomwa mkaa. Na bado kuna watu husimulia miaka ile kwa furaha, eti ndipo Mwanza ilipofunguka.

Bibi alipofariki, wale wale waliomnyima salamu walijaa msibani. Walikaa kwenye mikeka, wakanawa mikono, wakasubiri chakula. Niliwapakulia ugali, wala sikumwambia hata mmoja wao "karibu."