Skrini Mbili, Kifua Kimoja

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya hapa Karatu, kikohozi kikinisumbua, nikisubiri kusomewa picha ya kifua changu. Mbele yangu alikaa mama aliyekuja na basi kutoka Oloipiri, mwanawe amemlaza mapajani, kamfunika shuka.

Daktari aliifungua picha ya mtoto kwenye kompyuta ya mapokezi. "Hapa sioni kitu," alisema. Mama akashusha pumzi, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Ngoja kwanza, mama. Skrini hii ni ya kuandikia majina na risiti, vivuli vya kijivu inavichanganya. Ya ndani ndiyo ya kusomea picha."

Mlango ulibaki wazi, sote tukachungulia. Picha ileile, mbavu zilezile, ila chini ya ubavu mmoja palikuwa na kiwingu. Daktari alikizungushia kidole bila kugusa kioo.

"Hiki kule hakikuwepo," mama alisema.

"Kilikuwepo, ila kule hakionekani. Tumekiwahi, mama, dawa ipo."

Mama akamvuta mtoto kifuani. "Daktari, naomba turudi kwenye ile ya kwanza."

Pale kwenye benchi hakuna aliyecheka. Tunapenda kutambiana kwa skrini zetu za kutazamia mpira, kubwa, zenye rangi kali, zinazoonesha hadi jasho la kipa. Kumbe ipo inayoonesha tusichotaka kukiona.

Jina langu likaitwa. Daktari akanielekeza ndani. Nikainuka, na miguu ikanipeleka moja kwa moja kwenye kompyuta ya mapokezi.