Alama zilipanda, shamba la babu likaenda

Saa tatu asubuhi, watoto wameshashuka shuleni na basi la njano liko tupu. Vernelle Gadsden anafagia karatasi za pipi na vipande vya biskuti chini ya viti, anafunga mlango, kisha anakaa nyuma ya usukani na kujimiminia kahawa. Mpaka saa nane mchana hana safari.

"Ofisi yangu ndiyo hii," ananiambia. "Nimesomea humu miaka miwili."

Dirishani anachungulia Herschel Moultrie, dereva mwenzake, mwanajeshi mstaafu.

"Wakili! Umesahau kufagia kiti cha nyuma."

"Nenda kafagie basi lako, mzee. Linanuka mpaka huku."

Hapa Walterboro, Carolina Kusini, Marekani, madereva wote humwita wakili, ingawa masomo ya sheria ataanza Agosti. Ana miaka arobaini na mmoja na analea mabinti wawili peke yake. Basi humpa kama dola 1,900 kwa mwezi. Jioni husafisha kliniki ya meno ili fedha zifike mwisho wa mwezi.

Wazo la sheria lilitokana na shamba. Babu yake alinunua ekari ishirini na mbili kando ya mto, akafa bila kuacha wosia. Shamba likawa la ndugu wote kwa pamoja. Vernelle alikwisha kuona majirani wakipoteza ardhi ya namna hiyo mahakamani, tena kihalali, kwa sababu ndugu mmoja tu aliuza fungu lake kwa mgeni.

"Nikasema, kwetu lazima apatikane mtu wa kuielewa sheria hii kabla haijatufikia."

Kuingia shule ya sheria, hata hivyo, kuna mtihani wake, unaopima jinsi mtu anavyosoma na kuchambua hoja. Alama ya chini kabisa ni 120, ya juu 180. Mara ya kwanza Vernelle alipata 141.

"Niliwaficha hata wanangu. Nikadhani dawa ni mazoezi mengi, basi nikawa nafanya mtihani juu ya mtihani, huku nasinzia. Mara ya pili nikapata 143. Nililia humu humu. Watoto walipopanda wakaniuliza kama nina mafua."

Aliyembadilisha ni Moultrie, ambaye hakujua lolote kuhusu mtihani huo. Alimtaka amweleze, kila siku swali moja, kwa nini alikosea.

"Namwambia, mama, sijaelewa, rudia," Moultrie anacheka. "Anakasirika, ananiita kichwa maji. Halafu katikati ya kurudia ananyamaza. Ameliona kosa."

Alichokiona hakikumfurahisha. "Nilikuwa nasoma ninachotaka kiwemo, si kilichoandikwa. Swali linasema 'baadhi', mimi nasoma 'wote'. Haraka zangu tu."

Akaacha kujilundikia mitihani. Siku za kazi alichukua maswali machache na kukaa na makosa yake. Mtihani mzima aliufanya Jumapili tu, baada ya kanisa. Alama zikaanza kupanda, na kadiri zilivyopanda ndivyo alivyozidi kujifungia.

Oktoba mwaka jana, wiki ya mtihani wa tatu, mdogo wake Lucius alimpigia simu. Lucius alikuwa ameumia mgongo kwenye kiwanda cha mbao na hakuwa na kazi. Akamwambia kuna bwana anataka kununua fungu lake la shamba.

"Nilimkatiza. Nikamwambia, 'Lucius, mtihani ni Jumamosi. Habari za shamba nisizisikie mpaka nimalize.' Nikakata simu."

Ijumaa Lucius alitia saini, akalipwa dola elfu nne. Jumamosi Vernelle aliingia kwenye mtihani ametulia, hajui kitu. Alipata 157.

Mnunuzi, akiwa sasa mmoja wa wenye shamba, alikwenda mahakamani kuomba lote liuzwe. Ndugu walipewa nafasi ya kulikomboa fungu lile kwa bei ya mthamini, wakachanga fedha, hazikutosha. Machi shamba likapigwa mnada. Makaburi ya babu na bibi sasa yako ndani ya uzio wa mtu mwingine.

"Jibu nilikuwa nalo," Vernelle anasema, na kahawa yake imepoa. "Usimuuzie mgeni, tuuzie sisi, tutakulipa hata kidogo kidogo. Basi. Moultrie nilimweleza kila siku mambo yasiyomhusu. Ndugu yangu nikamnyima dakika tano."

Jioni Lucius anafika kwa dada yake na mfuko wa karanga za kuchemsha.

"Kula, wakili. Usije ukafa na vitabu."

"Chumvi yote hii, Lucius? Unataka kuniua mwenyewe?"

Wanacheka, wanamenya. Kisha Lucius ananigeukia. "Andika kwamba aliyesaini ni mimi. Si yeye."

"Na aliyekata simu ni mimi," anasema Vernelle.

"Ningesubiri Jumapili, dada."

"Ungesubiri. Na mimi ningekusikiliza."

Maganda yanazidi mezani.

Masomo yatakuwa ya usiku, miaka minne, na basi ataendelea kuliendesha. Ila hataki kungoja shahada. Mwezi ujao kanisa lao litatoa ukumbi kwa familia zenye ardhi isiyo na wosia, na wakili mmoja amekubali kuja kuwaandikia wosia bure. Vernelle anataka Lucius ndiye azungumze kwanza.

"Mimi nikiongea sheria watasinzia. Yeye akisema, 'Nilikuwa na shida, nikauza, dada yangu hakunisikiliza,' hapo watakaa macho."

Amekwisha kumwomba mara moja. Jioni hii anamwomba tena.

Lucius anafuta mikono kwenye suruali. "Wewe utakaa wapi?"

"Mbele kabisa."

"Basi kaa hapo nikuone," anasema. "Nikishindwa, unimalizie."