Silaha ya Baba Mkwe

Fundi wa kusafisha picha za zamani walimbandika jina la Suti, na alistahili. Ukimpelekea picha ya marehemu babako kifua wazi, anakurudishia babako ndani ya suti nyeusi na tai, nyuma yake ukumbi wa hoteli ambayo marehemu asingepita hata getini. Watu walilia kwa furaha. Marehemu hawakuwahi kulalamika.

Siku moja mkewe aliingia kibandani na picha ya marehemu babake mzazi.

"Hii usiifanyie mchezo," alisema. "Mama macho yanamwisha, na daktari kasema yakienda hayarudi. Anataka amwone mumewe, mkubwa wa ukutani, wakati bado anaweza."

Pichani kijana mwenye kofia ya jeshi, enzi za vita, alikuwa akicheka meno yote nje. Mkononi alishika dudu fulani: bomba lenye mpini nyuma, kopo tumboni, na mbele ya mdomo wa bomba wingu jeupe lililomeza nusu ya picha. Ni nini, hakuna aliyejua. Mzee ukimuuliza habari za vita alikuwa anakumbuka ghafla kwamba maua hayajamwagiliwa.

Kaka wa mke, wakala wa bima, hakusubiri kuulizwa.

"Rashasha hiyo, shemeji. Huoni moshi? Ndiyo kwanza imefyatuliwa."

"Imefyatuliwa kwa mpiga picha?"

"Ndiyo maana picha imetikisika."

"Na mkanda wa risasi uko wapi?"

"Si ndiyo kazi yako hiyo? Mchoree!"

Suti alipekua silaha za vita mtandaoni mpaka kompyuta ikaanza kumletea matangazo ya buti za jeshi. Hakuna iliyofanana. Akasalimu amri: akafuta wingu, akaweka rashasha, na mkanda wa risasi ukaning'inia mpaka gotini. Mzee aliyekuwa akimtoa panya nje kwa ufagio huku akimwomba radhi, sasa alionekana tayari kuteka nchi mbili kabla ya chai.

Ilibaki rangi ya gwanda. Akaenda kumuuliza mama mkwe, akamkuta jikoni akimenya vitunguu kwa kupapasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umeshamvalisha tai?"

"Bado. Nimempa silaha tu. Rashasha."

Mama akaweka kisu chini. Akacheka mpaka kitunguu kikaviringika chini ya kabati.

"Rashasha! Mume wangu mimi? Ile pampu ya unga wa chawa, baba! Jeshi zima lilikuwa linajikuna. Kazi yake ilikuwa kukuingizia bomba kwenye kola na kupuliza. Vita vilipokwisha wakatuletea na sisi raia wa kambini. Mimi nimo kwenye foleni, kichwani chawa wa kufungulia soko. Akaniambia, 'Samahani dada, fumba macho.' Nilikuwa sijawahi kuombwa samahani na mwanamume yeyote! Akanipulizia, nikampigia chafya usoni. Kesho yake huyo, karudi, eti alisahau nyuma ya masikio."

"Sasa mbona hamkutuambia?"

"Nani aliuliza? Huyo shemeji yako tangu shuleni anahadithia mizinga, babake akinikonyeza tu." Akapapasa kutafuta kisu. "Na ule unga pichani, umeufanyaje?"

Suti akajikuna shingo. "Nimeufuta, mama. Nilidhani uchafu."

"Urudishe. Ndimo tulimokutana humo."

Akaurudisha, chembe kwa chembe. Rashasha akaitupa. Shemeji alipoona, nusura ang'oe printa.

"Pampu ya chawa! Wageni watasema nini?"

"Watajikuna."

"Mwekee basi hata kibastola, kiunoni. Wateja wangu wote nimeshawahadithia."

"Wahadithie upya. Anayetaka kuona ni mama."

Picha ikatundikwa sebuleni, watu wakajaa. Mama akaisogelea mpaka pua ikagusa kioo. Akaanzia kwenye buti, akapanda taratibu: magoti, mkono, pampu, wingu. Akafika usoni, akakaa hapo.

Shemeji akakohoa, hotuba mkononi. "Mama, tuanze?"

"Anzieni huko nje," alisema bila kugeuka. "Na wewe hapo dirishani, sogea. Unanizibia mwanga."