Lenzi Mbili Hadi Ikuti

Nilisafiri kwenda Rungwe kwa sababu ya picha moja. Baba mkwe wangu, mzee wa Ikuti ambaye umri wake hata yeye mwenyewe anaukadiria, alimwambia binti yake Tusekile anipigie simu. Alitaka picha nzuri ya kuwekwa mbele ya watu siku atakapozikwa. Aliyonayo ni ya kitambulisho tu, na anasema humo amefanana na mtu aliyekamatwa.

Aliyekuwa amemwahidi picha hiyo ni mume wangu, Ambakisye. Alikuwa mpiga picha kama mimi, na tulifanya kazi pamoja Dodoma, harusi kwa mahafali, miaka kumi na moja. Alipofariki mwaka juzi tulipekua kila mahali tusipate picha yake ya maana hata moja, kwa kuwa siku zote alikuwa nyuma ya kamera. Kwenye jeneza tukaweka uso uliokatwa kutoka picha ya kundi, bega la mtu mwingine likionekana pembeni. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na sikutaka litokee mara ya pili katika familia ileile. Tena, niseme ukweli, watu walikuwa wakiniambia baba na mwana wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Nilitaka kuuona uso ambao mume wangu angezeeka nao.

Nasema watu waliniambia, kwa kuwa mimi sikuwahi kuuona. Kwa wazee wa Kinyakyusa, mke wa mwana hamkaribii baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, na akisikia anakuja humpisha njia. Vijana wengi wameiacha mila hiyo, lakini mzee wangu ni wa kale, na mimi Mrangi wa Kondoa sikutaka kuwa mgeni wa kubomoa nyumba ya watu. Nilikuwa nimefika Ikuti mara mbili tu, siku ya kutambulishwa na siku ya mazishi. Mara zote mbili nilimwona mgongo na kofia.

Kwa hiyo usiku wa kufunga mizigo nilikaa kitandani na lenzi mbili mapajani. Moja ni ya zoom, ndefu na nzito, ambayo nikiizungusha inamvuta bwana harusi kutoka mwisho wa ukumbi. Ya pili aliiacha Ambakisye, fupi, tunaiita fifti. Hiyo haivuti wala hairudishi. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unasogea wewe kwa miguu yako. Tulibishana juu ya lenzi hizi tangu tuoane. "Zoom inachungulia dirishani," alikuwa akinitania. "Fifti inabisha hodi." Safari hii nilijua jibu ni langu. Kama siruhusiwi kumsogelea mzee, basi zoom. Hata hivyo nilizibeba zote mbili, na siwezi kusema kwa nini.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Dodoma. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, nikaliweka begi la kamera hapo, na baada ya muda nikagundua nimelifunga mkanda. Tulipofika Iringa kondakta akasimama juu yangu.

"Mama, hapa pana mtu?"

"Hapana," nikasema, nikalipakata begi.

Aliyekaa alikuwa kijana mwenye spika za masikioni, akalala mpaka Makambako. Siku ya kutambulishwa, njia hii Ambakisye alinionyesha kila kitu, mpaka nikamwomba anyamaze. Safari hii nilipita Mafinga yote na misonobari yake bila mtu wa kumnyamazisha.

Jioni nikalala gesti ya Uyole, na asubuhi nikapanda gari la Tukuyu. Baada ya Isyonje baridi ikaingia kwenye viatu na ukungu ukashuka mpaka barabarani. Wanawake walikuwa wamekaa na ndoo za viazi, wamejifunika vitenge viwili viwili. Kiwira mvua ikaanza. Tukuyu mvua ilikuwa inaendelea kama vile haijawahi kukatika. Bodaboda aliyenichukua kwenda Ikuti alinyoosha kidole upande wa ukungu.

"Mlima Rungwe huo, dada."

"Uko wapi?"

"Hapo hapo. Leo umejifunika tu."

Tukapita mashamba ya chai yaliyolowa, kisha migomba, kisha migomba tena. Nilianza kuwa na wasiwasi na mwanga. Zoom yangu haipendi giza, na chini ya migomba saa nane mchana palikuwa kama magharibi.

Tusekile alinipokea mlangoni mwa jiko. Yeye ni dada mkubwa wa Ambakisye, mkulima wa chai, mikono yake migumu na kicheko chake cha karibu.

"Ugonile, wifi," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Pole na njia. Umekonda."

Akaniweka kwenye nyumba ya jiko, ng'ambo ya ua, akanipa ndizi na maharage. Nyumba kubwa ilikuwa ya mzee. Nilipokuwa nakula nikasikia akikohoa huko ndani, mara mbili, kisha kujisafisha koo kidogo. Kilikuwa kikohozi cha mume wangu. Niliweka kijiko chini, nikasikiliza kama atakohoa tena.

Asubuhi mvua ilipumzika. Mpango wangu ulikuwa umekamilika. Tusekile atamkalisha babake barazani, mimi nitasimama nyuma ya migomba hatua thelathini, nitavuta zoom, mambo yamekwisha. Mila imetunzwa na picha imepatikana. Nilijiona mwerevu sana.

Mzee akatoka na koti lake la kanisani, akakaa. Nikainua kamera, nikavuta.

Uso ulijaa kwenye kioo. Nyusi zilikuwa zile, ile ya kushoto imepanda kidogo kuliko mwenzake. Mdomo ulikuwa ule. Alikuwa akijichokonoa jino kwa ncha ya ulimi, kama mtu yeyote anavyofanya akijua yuko peke yake. Macho hayana pazia, lakini mkono unaweza kuzuiwa, na wangu ulikataa kubonyeza. Nilijihisi mwizi aliyeingia chumbani kwa mtu. Nikashusha kamera, nikarudi jikoni.

"Umepiga?" akauliza Tusekile.

"Nimeshindwa. Nilimwona karibu mno."

"Karibu vipi, na wewe ulikuwa kule?"

Nikampa kamera aangalie kupitia ile zoom. Akamwelekezea mzee kutoka mlangoni, akaguna, akanirudishia.

"Sasa wifi, hatua thelathini za nini, kama unamwona mpaka meno?"

Alicheka, lakini alikuwa amesema kweli tupu. Nilikuwa nimehesabu hatua, kumbe mila ilikuwa ya macho. Nikachomoa zoom, nikafunga fifti ya Ambakisye, nikairekebisha kwa ule mwanga hafifu na kumkabidhi.

"Nenda wewe. Wewe ni binti yake."

"Mimi? Inavutwa wapi?"

"Haivutwi. Ukitaka awe mkubwa, unasogea."

"Basi hiyo naiweza," akasema. "Kutembea najua."

Nikarudi kwenye migomba nikawapa mgongo. Nikasikia nyayo zake zikivuka ua, kisha sauti ya mzee, nzito, ya polepole.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye migomba, tata."

"Amekula?"

"Amekula."

Kamera ikalia mara moja, mara mbili.

"Alikuja na nani?"

"Peke yake."

Tone la maji likadondoka kutoka kwenye jani likaniingia shingoni, sikujitikisa.

"Njia ni ndefu kwa mtu mmoja," mzee akasema. "Mwambie kalibu sana hapa. Hapa ni kwake."

Ilinichukua muda kuelewa. Baba na binti hawa, siku zote, huongea Kinyakyusa. Mimi sikijui, zaidi ya maneno kama tata, yaani baba. Mzee alikuwa anaongea Kiswahili, tena kwa sauti ya kuvuka ua, kwa ajili ya mtu asiyeweza kumsemesha. Nikalia pale nilipokuwa, nikishukuru kwa mara ya kwanza kwamba hakuna anayeruhusiwa kuniona uso.

Keshokutwa yake nikashika njia ya kurudi. Tusekile alinisindikiza mpaka barabarani na mkungu wa ndizi ambao sikuweza kuukataa. Picha sikuzitazama. Kuzitazama nikiwa kwenye ua wake niliona ni kuchungulia tena.

Dodoma, kwenye meza yetu ya kazi, nikazifungua. Zilikuwa kumi na moja. Nne ni za viatu, tatu zimetikisika, nyingine mzee amefumba macho. Moja tu imetulia. Amekaa wima, koti limefungwa vifungo vyote, nyusi ya kushoto imepanda. Lakini hatazami kamera. Anatazama pembeni, juu ya bega la binti yake, kule kwenye migomba. Ni pale nilipokuwa nimesimama nimempa mgongo.

Nikaisafisha na kuituma, nikiomba radhi kwamba hakutazama mbele. Tusekile akapiga simu.

"Kasema hiyo hiyo. Kasema anajua alikuwa anatazama nini."

Zoom bado naitumia kwenye harusi, siwezi kuivunjia heshima, inalisha nyumba. Ila nimejifunza kwamba kumvuta mtu si kumkaribia. Wakati mwingine ukaribu unafika kwa mguu wa mtu mwingine, wewe ukiwa umegeuka.

Nakala yangu niliitundika ukutani, juu ya meza ya chakula. Kama naruhusiwa kuitazama sijui, sijauliza. Nikipita mbele yake nainamisha kichwa kidogo. Juzi nilikuwa natoa sahani moja mezani, nyumba iko kimya kama ilivyo siku hizi, nikajikuta nimesimama chini ya picha ile nikiwa nimeangalia sakafu.

"Nimekula, tata," nikasema.