Hitaji la Maombi la Jumatano

Ukifika pale shuleni Kiplombe, Eldoret, ukauliza Mama Hulda ni nani, hata mpishi atakuonyesha. Mwalimu Hulda Akumu, wa somo la dini, mlezi wa CU, ule umoja wa wanafunzi Wakristo. Alitoka Siaya akiwa msichana mwembamba wa kazi ya kwanza, baridi ya Eldoret ikamtesa, akaapa mwaka ukiisha anarudi kwao. Wapi! Wasichana wa bweni walimteka moyo. Mtoto wa tumbo lake hakujaliwa, na jamaa zake walipoanza maneno yao aliwajibu kwamba watoto wake wako mabwenini, na ni wengi kuwashinda wote.

Na kweli walikuwa wake. Nyuma ya kanisa la shule kuna kachumba ka kuwekea vitabu vya nyimbo, na humo ndimo alimokaa baada ya masomo. Msichana mwenye jambo aliingia tu. Hulda hakumhubiria. Alikuwa hodari wa kunyamaza, na jamani, kunyamaza ni kipawa! Wangapi tunacho makanisani mwetu? Akishamsikiliza mtoto hadi mwisho, wanaomba maneno mawili matatu, na mtoto anakwenda zake akiwa mwepesi.

Kati ya hao wote, aliyempenda kupita kiasi ni Linet, binti ya mkulima wa mahindi wa Chepsaita. Alikuwa kidato cha tatu na ndiye aliyeongoza nyimbo za ibada. Akifungua mdomo, hata wale wa viti vya nyuma wanaosinziaga kila Jumapili walikaa wima.

Muhula wa pili ulipoanza, Linet aliingia kachumbani akaketi.

"Madam, tangu tumzike Kimeli, mimi nikiomba sisikii kitu."

Kimeli alikuwa kaka yake. Alikufa likizoni kwa ajali ya bodaboda, njia ya kwenda Turbo.

"Naimba tu. Watu wanalia, na mimi ndani ni kavu. Sijui hata kama kuna mtu anasikiza."

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu. Tafadhali, Madam, isitoke hapa. Kama kuna njia ya kurudi, wacha nirudi pole pole. Lakini wakijua, sitaweza."

"Haitatoka," Hulda akasema.

Na alimaanisha, haki ya nani. Alimbeba yule mtoto moyoni akila, akisahihisha madaftari, akioga. Aliogopa kumpoteza. Akaona maombi yake peke yake hayatoshi, anahitaji kushikwa mkono na wenzake. Hapo ndipo alipoharibu.

Kila Jumatano kabla ya masomo walimu hukutana kuombeana, na kila mmoja hutoa hitaji lake. Sasa, Wakristo wenzangu nawajua. Ukimsema mtu hivi hivi, wewe ni msengenyaji. Lakini ukianza na "ndugu zangu, tumkumbuke fulani katika maombi," ruksa, mwaga yote, watu watafumba macho na kutega masikio. Hulda hakuwa wa tabia hiyo. Kwa nia safi kabisa alisema, "Naomba tumwinue binti yetu mmoja, mwimbaji. Amefiwa, na imani yake inayumba." Jina hakutaja. Woi, mama wewe! Kwani waimbaji waliofiwa shule nzima walikuwa wangapi?

Jumapili hiyo Pasta Kigen, kasisi wa shule aliyekuwa katika maombi yale, mtu mwema tena mwenye haraka ya kutenda mema, alimshika Linet bega alipomaliza kuimba, kabla hajarudi kitini.

"Shetani anataka kumwibia dada yetu imani kwa sababu ya msiba," akatangaza. "Leo tunakataa!"

Viongozi wa CU wakamzunguka na kumwekea mikono kichwani. Shule nzima ikasimama ikaomba kwa sauti. Wasichana walilia kwa upendo. Hakuna aliyemtakia mabaya, hata mmoja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Pasta akamwuliza kama anasikia amani. Linet akainua macho kati ya ile mikono, akamtafuta Hulda mpaka akampata. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayehakikisha jambo.

"Ndiyo, Pasta," akasema. "Nimesikia amani. Bwana asifiwe."

Vigelegele vikapigwa kanisa zima.

Hulda alimngoja aje. Hakuja. Alipochoka kungoja alimwita mwenyewe, akiwa amejiandaa kwa machozi, kwa maneno makali, kwa lolote. Hata kabla msichana hajaketi, akaanza.

"Linet, nilikuahidi na nikavunja ahadi. Nilidhani nakusaidia. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, Madam." Alikuwa anatabasamu. "Hata nashukuru. Niko sawa sasa."

"Niambie ukweli. Ukiomba, unasikia..."

"Mungu ni mwema, Madam."

Hulda akaangua kilio, mtu mzima vile, machozi na kamasi. Linet akasogea, akamshika bega.

"Wacha nikuombee," akasema.

Akaomba. Alimshukuru Baba kwa ajili ya mtumishi wake, akamsihi amfute machozi na kumwongezea neema, kila neno mahali pake, jinsi alivyofunzwa na Hulda mwenyewe. Hakukosea popote. Na nyuma ya maneno yale hapakuwa na mtu. Hulda alikuwa amesikiliza wasichana maisha yake yote, hangeweza kudanganyika. Heri yule mtoto angemtukana. Wangekuwa na pa kuanzia.

"Amina," Linet akamalizia, akangoja kuitikiwa.

Hulda alijifuta kamasi kwa leso.

"Naweza kwenda, Madam? Wananingoja mazoezi."

"Nenda, mwanangu," Hulda akasema, na Linet akamshukuru kwa adabu, akaenda.