Nilipokwenda Kutengeneza Ukuta wa Wodi ya Wazazi

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya ahadi niliyoitoa kwenye simu. Mama Felista, muuguzi mkuu wa zahanati moja iliyo mlimani juu ya mji wa Himo, alikuwa amesikia kwamba kampuni yetu inatengeneza kuta za zege zilizopasuka bila kuzibomoa. Ukuta wa nyuma wa wodi yake ya wazazi, ule unaozuia udongo wa mlima, ulikuwa na nyufa. "Niwahamishe akina mama?" aliniuliza. Nikamwambia asihangaike, nitakuja mwezi ujao. Nilisema hivyo bila kuuona ukuta.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kazi hiyo bado ilikuwa ngeni nchini. Tulikuwa tukibandika kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya zege kwa gundi kali ya kuchanganya. Gundi ikikauka, kitambaa kinakuwa kigumu na kuubana ukuta usifunguke zaidi.

Moshi nilifika jioni, mvua ikinyesha. Mlima sikuuona siku ile wala siku zilizofuata. Asubuhi nilifika Himo na marobota yangu mawili ya kitambaa, na pikapu ya parokia ikanipandisha kwenye tope jekundu, katikati ya migomba na mibuni iliyoachwa bila kupogolewa.

Saa nne, zahanatini, Mama Felista alinipokea pamoja na mzee mmoja mrefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Kasiani, fundi niliyejenga hapa."

Alinishika mkono akaniingiza wodini, kama mtu anayemtembeza mgeni nyumbani kwake. Akina mama walikuwa watano. Mmoja alikuwa akinywa mtori wa ndizi, mwanawe wa siku moja amelala hatua mbili tu kutoka kwenye ufa.

Niliugonga ukuta kwa nyundo. Ulilia kama debe tupu. Sikutaka kuamini kwamba zege lilikuwa bovu ndani. Nikasogeza vitanda upande wa pili, nikakwangua lipu, nikabandika vipande vitatu vya kitambaa vya kujaribia. Siku mbili tulisubiri gundi ishike. Nilikula kwa Mzee Kasiani, kihambani kwake, kwenye shamba la migomba la ukoo, naye akanisimulia jinsi wanakijiji walivyobeba mchanga kichwani kutoka mtoni.

Siku ya tatu nilivuta kipande cha kwanza. Kitambaa hakikubanduka kwenye gundi. Zege lenyewe ndilo lililong'oka, bonge zima. Nikalifinya, likawa unga.

Mzee Kasiani aliutazama unga ule.

"Saruji ilikuwa haipatikani," alisema taratibu. "Tuliyopata ilitosha nusu ya jengo. Nikazidisha mchanga."

"Mzee, hapa kitambaa hakina cha kushika. Ukuta huu ubomolewe."

"Basi waambie ni mvua. Nakuomba, mwanangu. Nitaishi na watu hawa mpaka nife."

Nilimwambia Mama Felista ukweli wote, mzee akiwa amesimama palepale. Hakumgeukia yeye. Alinigeukia mimi.

"Mwezi mzima wamelala hapa kwa neno lako."



Mchana ule tuliwahamishia akina mama kwenye ukumbi wa kanisa, watoto wamefunikwa kwa khanga na majani ya migomba. Mzee Kasiani alibeba magodoro akienda na kurudi. Hakuna aliyemsemesha.

Kesho yake, kabla ya kushuka Himo, nilipita kwake kuaga. Mkewe alitoka peke yake. "Amelala," alisema, nami nilikuwa namsikia akikohoa ndani.

Nilikuwa Dar wiki ya tatu Mama Felista aliponipigia. Ukuta ulikuwa umeanguka juu ya vitanda vitupu. Wenzangu kazini walinipongeza. Tangu hapo mtu akiniuliza kuhusu ukuta uliopasuka, namwambia awahamishe watu kwanza, ndipo nije niugonge.

Kwenye simu ile nilimwuliza Mama Felista pia habari za mzee. Akasema siku hizi Mzee Kasiani anasali nyumbani, maana njia ya kanisani inapita pale ukuta ulipoanguka.